Natafuta Changamoto Mpya

Hadithi fupi mbaya kuliko zote nilizowahi kutunga ina maneno matatu: "Natafuta changamoto mpya." Niliitunga Morogoro mjini, nimevaa shati la kuazima, mbele ya watu watatu wenye chupa za maji mezani. Haina mhusika, haina mahali, haina tukio. Mhariri yeyote anayejiheshimu angeirudisha siku hiyo hiyo. Wale watatu waliipenda. Waliandika kitu kwenye karatasi zao, wakatabasamu, na wiki mbili baadaye nikapigiwa simu kwamba kazi nimepata.

Leo naandika kuipinga hadithi ile. Nawapinga pia wanaotufundisha kuitunga, na zaidi ya hao, wanaoinunua.

Tuanze na lugha, maana hapa ndipo nyumbani kwetu wasomaji. Katika Kiswahili cha ofisi za Tanzania neno "changamoto" limehama makazi. Lilikuwa jambo la kukuchangamsha, la kukutia hamu ya kupambana. Siku hizi ni jina la adabu la tatizo. Maji yakikatika wiki nzima, "tuna changamoto ya maji." Mshahara usipoingia, "kuna changamoto kidogo kwenye mfumo." Kwa hiyo mtu anatoka kwenye kazi yenye matatizo, anaketi mbele ya jopo, anaulizwa kwa nini anaondoka, naye anajibu, kwa Kiswahili fasaha kabisa, kwamba anatafuta matatizo mapya. Na hakuna anayecheka! Hakuna anayecheka kwa sababu hakuna anayesikiliza. Lile si jibu, ni nywila. Ukiitaja unafunguliwa mlango.

Sasa nieleze nilikokuwa natoka.

Nilikuwa karani wa mapokezi katika ghala moja la mpunga hapa Ifakara. Jina silitaji. Anayeishi bonde la Kilombero anajua kwamba mpunga kwetu ni ada, ni mahari, ni bati la nyumba. Watu hukaa mashambani miezi kadhaa kuwinga ndege, mafuriko ya masika yanachukua yanachochukua, na kinachobaki ndicho kinacholetwa mjini. Tangu daraja la Mto Kilombero lifunguliwe mwaka 2018, hata wa upande wa Ulanga wanavuka na mizigo yao bila kusubiri pantoni. Msimu ukifika, magunia yanapanga foleni kuanzia alfajiri.

Kazi yangu ilikuwa kusoma mizani na kuandika. Mizani yenyewe haikuwa na kosa. Ilikuwa na stika ya Wakala wa Vipimo, imekaguliwa, inasema kweli. Lakini kabla ya kuandika kilo kwenye daftari nilielekezwa kukata kilo tatu kwa kila gunia: moja ya gunia lenyewe, mbili za unyevu. Mnayajua yale magunia ya salfeti? Tupu halifiki hata robo kilo. Na kifaa cha kupima unyevu kilikuwepo, sikatai. Kilikuwa kabatini, hakina betri.

Siku ya kwanza niliuliza. Bosi akaniambia, kwa upole kabisa, "Huo ndio utaratibu wa hapa." Neno utaratibu lina nguvu ya ajabu. Likishatamkwa, anayeuliza tena anaonekana mkorofi. Niliandika msimu wa kwanza. Niliandika na wa pili. Mshahara ulikuwa unachelewa, miezi mingine unakuja nusu, na nikalalamika sana juu ya mshahara. Juu ya zile kilo tatu nililalamikia moyoni. Mwisho niliandika barua, nikatoa notisi ya siku 28 kama sheria inavyomtaka anayelipwa kwa mwezi, nikaondoka.

Nilipoitwa Morogoro kwa usaili niliomba ushauri. Rafiki, shemeji, video za wahamasishaji kwenye simu, wote waliimba wimbo mmoja: usimseme vibaya mwajiri wako wa zamani. Mama mwenye nyumba wangu pale Viwanja Sitini akaupa wimbo huo hekima ya wahenga: "Usitukane wakunga na uzazi ungalipo." Nikakubali. Nikaenda kutunga.

Kwa wiki moja niliona nimecheza vizuri. Wiki ya pili nikaletewa fomu nisaini posho ya safari ya siku nne ambayo sikusafiri. Nilipositasita, msimamizi wangu, mmoja wa wale watatu wa chupa za maji, akacheka kidogo akasema: "Wewe tulikuona tangu siku ya usaili kuwa ni mtu mstaarabu."

Naomba msomaji uisome sentensi hiyo mara mbili. Mimi niliisoma usiku kucha. Walikuwa wameniuliza kwa nini naondoka, na wala hawakutaka kujua. Walitaka kuona nikiulizwa jambo la aibu la bosi aliyepita, nitalificha kwa ustadi gani. Walikuwa wanapima kama nitaficha na la kwao. Jibu langu tamu lilikuwa kiapo, nami niliapa bila kujua ninaapishwa.

Hii ndiyo hoja yangu, na sitaizungusha. Jopo linalomchukua mtu kwa sababu ameficha vizuri limeajiri mfichaji. Lisije kushangaa siku hesabu zao zitakapofichwa. Kila mwaka tunasikia taasisi zinalia kwamba vijana si waaminifu. Jamani, mnawachuja waaminifu mlangoni! Swali la pili au la tatu la usaili, kabla mtu hajaeleza hata anachokijua, mnamtaka adanganye kwa tabasamu, kisha mnampa alama za mawasiliano mazuri.

Mtaniambia hiyo si uongo, ni adabu. Adabu ya Mswahili naijua. Adabu ni kuchagua maneno, ni kutomtaja mtu kwa jina mbele ya wageni, ni kusema jambo zito kwa sauti ndogo. Kulifuta jambo lenyewe ni kitu kingine. Na kama ni methali, wahenga hawakuacha moja. Walituachia pia "mficha uchi hazai," na "mficha maradhi kifo humuumbua." Ajabu ni kwamba katika semina zote za kutafuta kazi sijamsikia mtu akizitaja hizo mbili. Mkunga anatajwa kila siku, lakini anayezaa anasahauliwa. Kwani mkunga akiwa na mikono michafu, mjamzito anyamaze?

Sisi wasomaji tuna bahati, tunajua kwamba kueleza kwa nini umeondoka mahali ni habari kubwa, hata katika fasihi. Mkumbukeni Karama wa Kusadikika, kitabu cha Shaaban Robert cha mwaka 1951. Anashtakiwa, na utetezi wake wote ni kusimulia habari za wajumbe waliotumwa nchi za nje, wakaona, wakarudi wakasema walichokiona, wakafungwa kwa kusema. Nchi ile iko angani, lakini anayetoka katika chumba cha usaili anaijua vizuri. Aliyetumwa akaona anatakiwa arudi akiwa hana alichokiona. Shaaban Robert aliandika hayo akiwa mtumishi wa serikali ya kikoloni. Nadhani alijua gharama ya maneno kuliko wahamasishaji wetu wa video.

Na nje ya vitabu, nchi hii imejengwa na watu walioacha kazi na kusema sababu. Machi 1955 Mwalimu Nyerere aliacha kufundisha Pugu baada ya kutakiwa achague kati ya ualimu na siasa. Desemba 1957 alijiuzulu katika Baraza la Kutunga Sheria, miezi michache tu baada ya kuteuliwa, na akaeleza hadharani kwamba serikali ya kikoloni haikuwa tayari kuyapa uzito madai ya TANU. Januari 1962, wiki chache baada ya Uhuru, aliacha uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, na hapo pia akasema kwa nini: anakwenda kukijenga chama. Kuondoka mara tatu, na mara zote tatu sababu inajulikana. Jirani zetu walikuwa naye Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyeacha kufundisha chuoni Nairobi mwaka 1969 akipinga kubanwa kwa uhuru wa wanataaluma.

Ninayemheshimu zaidi katika jambo hili ni Mzee Ali Hassan Mwinyi. Mwaka 1977 alijiuzulu uwaziri wa mambo ya ndani kwa sababu watu walikufa mikononi mwa vyombo vya dola huko Mwanza na Shinyanga. Si yeye aliyewatesa. Lakini yalitendeka chini ya wizara yake, akaondoka, na sababu ikajulikana nchi nzima. Miaka minane baadaye Watanzania walimpa urais. Pimeni wenyewe: kuondoka kwa sababu iliyotajwa kulimharibia wasifu?

Najua mtakachosema. Hao ni wakubwa. Karani wa ghala ana kodi ya chumba, ana mdogo wake shuleni, hana taifa la kumsubiri. Kweli kabisa, nami sitamlaumu hata mmoja anayesema maneno yale matatu akiwa na njaa. Nimeyasema mimi. Ndiyo maana mashtaka yangu siyaelekezi kwa anayejibu. Yanakwenda kwa anayeuliza. Aliyeshika mkate ndiye mwenye uwezo wa kufanya ukweli uwe wa bei nafuu. Na ukweli kwa sasa ni ghali mno, hasa katika mji kama wetu ambako waajiri wakubwa unawahesabu kwa vidole, na mjumbe wa jopo hili ni shemeji wa bosi wa kule. Tangazo la kazi linataka wadhamini watatu, na inatarajiwa mmoja awe bosi uliyemwacha. Yaani mtuhumiwa ndiye anayepigiwa simu kutoa ushahidi, na wewe hupo chumbani.

Tena sheria yenyewe imewatangulia wasaili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatambua kwamba kuna mwajiri anayefanya kazi isivumilike, na mfanyakazi akiondoka kwa sababu hiyo, sheria inakuhesabu kuondoka huko kuwa ni kuachishwa. Anaweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ana siku 30. Bunge lilikwisha kukubali kwamba kazi mbovu zipo. Ni chumba cha usaili tu ambamo kazi zote za zamani zilikuwa nzuri, mabosi wote walikuwa walezi, na watu wanaondoka kwa sababu ya kiu ya changamoto.

Nirudi kwenye kisa, maana bado sijasema lililo gumu.

Morogoro sikusaini ile fomu, na sikumaliza muda wa majaribio. Nikarudi Ifakara nikiwa na kuondoka mara mbili kwa kueleza. Chama kimoja cha ushirika cha wakulima kilikuwa kinatafuta karani. Usaili ulifanyika chini ya mwembe, viti vya plastiki, bodi nzima ya chama imekaa. Nikaamkia shikamoo kwa mviringo. Mzee mmoja aliyevaa kofia ya kufuma ndiye aliyeuliza: "Mwanangu, pale ghalani kwa nini uliondoka?"

Nikasema: "Mzee, tulikuwa tunawakata wakulima kilo tatu kila gunia bila kupima unyevu. Niliona si haki, nikaondoka."

Palikuwa kimya. Kuku walipita. Mzee akasema, "Pale na mimi nilipeleka. Magunia kumi na tisa." Sikujua la kusema. Yeye alikuwa tayari anahesabu. "Hamsini na saba," akasema, kabla mimi karani sijafika. Kisha mama mmoja pembeni yake akaniuliza swali ambalo hakuna semina iliyonifundisha: "Na uliyekuwa unaandika ni nani?"

"Ni mimi, mama."

"Muda gani?"

"Misimu miwili."

Hapo ndipo nilipoelewa ile hadithi ya maneno matatu ilikuwa inamlinda nani. Nilidhani namsitiri bosi. Kumbe nilikuwa najisitiri mimi. Ukisema unatafuta changamoto mpya, hakuna anayeweza kukuuliza ulikuwa unaandika nini kabla hujaondoka. Ukisema kweli, swali la pili linakuja lenyewe, na linakuja na jina lako. Wizi haukuwa kwenye mizani, ulikuwa kwenye kalamu, na kalamu nilishika mimi. Mimi ambaye hadi hapo, hata katika mawazo yangu, nilikuwa shujaa aliyeondoka.

Kazi sikuipata. Sitawadanganya kwamba ukweli ulinilipa. Mzee alinisindikiza hadi barabarani, akaniambia, "Umesema vizuri, mwanangu. Lakini daftari letu bado hatuwezi kukupa." Nikamwambia asante, na sikuwa natania. Morogoro nilipewa kazi kwa sababu ya uongo. Hapa nilinyimwa kwa sababu ya jambo nililolifanya kweli. Kati ya majopo mawili, lililonitendea kama mtu mzima ni hili la chini ya mwembe. Waliuliza kwa sababu walitaka kujua, nikajibu, wakafikiri juu ya nilichosema, wakaamua. Usaili si ndio huo?

Kwa hiyo ninyi mnaokaa upande wa chupa za maji, nawaomba haya.

Kama hamko tayari kusikia, msiulize. Ulizeni mtu anajua nini, mpeni mtihani, mumwache aende. Kama mnauliza, basi ulizeni hadi mwisho, kama yule mama: ulifanya nini kabla ya kuondoka, ulimwambia nani, uliandika wapi. Maswali hayo yatawatenga mara moja mwenye sababu na mwenye kisirani, maana mwenye kisirani ana matusi mengi na tarehe chache. Mkitaka kumpigia simu bosi wa zamani, pigeni. Lakini mpigieni na aliyekuwa anafanya kazi pembeni ya mwombaji, au aliyekuwa anahudumiwa naye. Huyu mzee wangu wa magunia kumi na tisa angekuwa mdhamini mzuri kuliko yeyote niliyemwandika.

Nanyi mnaokwenda kuulizwa, sina ujasiri wa kuwaambia mseme yote. Kodi ni kodi. Nasema tu kwamba kuna nafasi kubwa kati ya kutukana na kudanganya, na tumefundishwa kwamba hakuna. Sema kilichotokea, si tabia ya mtu. Taja jambo moja, si kumi. Usilie, usitaje majina. Na sehemu yako itaje mwenyewe kabla hujaulizwa.

Mimi sasa nalima ekari mbili za kukodi, na jioni mbili kwa wiki nawaandikia hesabu kina mama wa kikundi cha kuweka na kukopa pale Kibaoni. Kabla hawajanipa daftari niliwaeleza habari ya kilo tatu. Walizungumza wao kwa wao kwa muda mrefu kidogo. Kisha wakanipa, kwa sharti kwamba kila Jumamosi mmoja wao ahesabu upya nilichoandika. Anahesabu kwelikweli, kwa kidole, mstari kwa mstari, nami nakaa nasubiri.

Mwezi ujao nina usaili mwingine, na swali nalijua. Jibu nimeliandika nyuma ya bahasha, lina urefu wa sentensi tatu. "Nilikuwa naandika kilo pungufu kwenye mpunga wa wakulima kwa maagizo, na niliyatii kwa misimu miwili. Niliondoka kwa sababu hiyo, na nilichelewa. Nikiagizwa hapa nitakataa, kwa hiyo ni vizuri mjue mapema."